Bamba la Mama la Kuvunjia Kokoto

Enzi zetu kule Pugu, mtoto hakupewa simu ya kuchezea, alitafuta sumaku. Tuliing'oa kwenye spika mbovu, tukaifunga kamba na kuiburuta mchangani mpaka ijae misumari kama mbwa mwenye kupe. Hilo ndilo lilikuwa gari letu, na tulilionea fahari.

Mama alivunja kokoto uani. Jiwe aliliweka juu ya bamba zito la chuma lenye matuta, taya kuukuu la mashine ya kuvunjia mawe, alilopewa na mjomba aliyefanya kazi machimboni. Sare zetu zilitoka hapo, na sukari ya uji pia.

Kisha wakazuka wezi wa vyuma chakavu. Walipobeba geti la jirani, mama akakosa raha kabisa. Baba, fundi wa kuchomelea, akajigamba: "Mama Zawadi, wewe tulia. Nalitoboa tundu, nalifunga mnyororo, ishu imeisha."

Biti ya kwanza ya drili ilipiga kelele, ikatoa moshi, ikawa butu. Ya pili vilevile. Akashika patasi na nyundo, akaligonga kwa hasira, na hapo ndipo alipoharibu. Hakujua kuwa chuma kile kimechanganywa na madini mengi ya manganizi, na kadiri kinavyogongwa ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mgumu. Ndiyo maana hutengenezewa mataya ya mashine, meno ya makatapila na njia panda za reli. Tulicheka mpaka tukafukuzwa uani.

Wezi wakaja kweli. Kulipokucha, beleshi hakuna, karai hakuna, drili ya baba hakuna. Bamba lilikuwepo, limepinduliwa tu. Nikalijaribu kwa sumaku yangu, ikateleza. Kumbe chuma hicho hakishiki sumaku, na wanunuzi wa chuma chakavu walikataa kisichoshika; wezi nao walikuwa wamelijaribu kwa sumaku, wakaliacha.

"Pole na drili, Baba Zawadi," mama akasema, akakaa, akaanza kugonga.

Wanangu leo simu ikianguka kwenye kapeti kioo kinapasuka, nao wanalia kama wamefiwa. Kokoto huja na lori, mashine imeshazivunja. Mama naye alishatangulia. Zamani tukitoka shule, kabla hatujaliona paa la nyumbani, tuliisikia nyundo yake, tukajua mama yupo. Nikienda Pugu siku hizi bado natega sikio pale kwenye kona kabla ya nyumbani, mtu mzima mimi, nikiingoja ile nyundo.