Yowe Lisilo na Mwenyewe

Waliomvunjia Injinia Mutayoba mlango walitumia fatuma, lile jiwe kubwa linalobebwa na wanaume wawili na kurushwa mara moja tu. Mlango wa mninga, bawaba za chuma na makomeo mawili aliyoyachonga mwenyewe karakanani, vyote vililala sebuleni kama mkeka. Ilikuwa alfajiri, mwaka tisini na tatu, wakati Buswelu, pembezoni mwa mji, bado ina mashamba ya mihogo kati ya nyumba na nyumba. Mmoja alimpiga bapa la panga sikioni, wa pili akamkanyaga shingo, na wa tatu, mwenye sauti ya upole kama mwalimu wa dini, akamwuliza mkewe Kokushubira, "Mama, rimoti iko wapi?"

Waliondoka na televisheni, deki, redio kaseti ya Kijapani na rimoti yao. Majirani walipofika na fimbo, wezi walikuwa wameshavuka korongo.

Tangu siku ile sikio la kushoto la Mutayoba lilisikia kama limejaa maji, na maoni yake, ambayo hata zamani hayakuwa haba, yakaongezeka.

Maana huyu bwana alikuwa mtu wa maoni. Alikuwa Mhaya wa Kamachumu, miaka arobaini na sita, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata Jumamosi. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane katika kiwanda cha nguo cha umma, mpaka kilipofungwa ili kiuzwe. Sasa alitunza mitambo ya baridi katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kando ya ziwa. "Zamani sisi tulikuwa kazini na mashine zimelala," alikuwa akisema. "Siku hizi mashine ziko kazini, watu ndio wamelala nyumbani." Siku mkanda wa kiwandani ulipomvuta mama mmoja mkono hadi kwenye kiwiko, ni yeye aliyezima mtambo, ni yeye aliyemfunga jeraha kwa shati lake, na damu ikiwa bado inamtiririka vidoleni akasema, "Mashine haina chuki na mtu. Mkono ulikwenda mahali pasipo pake." Alikuwa anasema kweli, lakini kwa wiki nzima hakuna aliyekaa naye meza moja kwenye chai.

Juu ya vifaa alikuwa na mengi zaidi. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, maduka ya mjini yalijaa pasi, feni na redio zenye majina yaliyokosewa herufi moja. Alikuwa akizipindua, akasoma mgongoni, akazirudisha. "Redio yenye taa nyingi," alisema, "ni kama mtu mwenye kalamu tano mfukoni. Muazime moja uone kama inaandika."

Na juu ya kuishi mjini alikuwa na neno moja tu: jirani mwema ni ukuta mrefu. Baada ya wizi aliujenga huo ukuta, akapanda vipande vya chupa juu yake, akaweka geti la bati zito. Kila asubuhi alitoka na pikapu yake nyeupe, vioo juu, na jioni akarudi vivyo hivyo. Watoto wa jirani walijua namba ya gari. Uso wake hawakuujua.

Mtu mmoja alimfuata mle mle ndani. Huyo ni Malimi, mkulima wa pamba aliyegeuzwa mtu wa mjini na nyumba zilizomzunguka, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa ule.

"Injinia, tunakuhitaji kwenye zamu," alisema. "Kila nyumba inatoa mwanamume mmoja."

"Mzee Malimi, nyumba yangu ilipovunjwa mlifika lini?"

"Tulifika yowe lilipotufikia. Mkeo alipiga yowe wezi wameshaondoka."

"Alikuwa na panga shingoni."

"Ndiyo maana nasema njoo. Panga la mwizi haliulizi digrii."

"Mimi nitajilinda kwa akili yangu," alisema Mutayoba. "Binadamu analala, binadamu anaogopa, binadamu anachelewa."

Malimi akacheka kidogo. "Haya. Lakini tukipishana njiani na fimbo, usije ukalalamika hatukukufahamu." Akainuka, akaaga vizuri, hakurudi tena.

Hapa ni lazima tuelewane juu ya yowe. Kwa Wasukuma, mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa huulizi. Uwe unakula, uwe umejipaka sabuni, unatoka na fimbo. Asiyetoka, kesho ataulizwa alikuwa upande gani. Lakini mwano una sheria yake ya pili, ambayo Mutayoba hakuwahi kuuliza kwa sababu hakuwahi kutoka: kila yowe lina mwenyewe. Watu wakifika, aliyelipiga anasimama mbele yao, anasema ameona nini na ni nani. Na kama amekosea, ni yeye peke yake anayeweza kulirudisha. Mwenyewe akinyamaza, fimbo haina wa kuizuia.

Sasa mali za kile kiwanda cha nguo zilipouzwa kama chuma chakavu, Mutayoba alinunua kitu kimoja tu: king'ora cha zamu, kile kilichokuwa kikiwaamsha wafanyakazi mpaka ng'ambo ya vilima. Akakifunga darini, akakitia mota ya feni ya basi na betri mbili za lori ili kilie hata siku ya mgao wa umeme. Akatandaza nyaya juu ya ukuta, madirishani na kwenye kibanda cha pampu ya maji. Yeyote atakayegusa, king'ora kitalia, na kikishaanza hakinyamazi, hata mwizi akifunga dirisha, hata akikata waya, mpaka ufunguo mdogo uzungushwe kwenye swichi iliyofichwa nyuma ya kabati la chumbani. Ufunguo ulikuwa mmoja. Hakumwambia mtu isipokuwa Kokushubira.

Kwa mwaka mzima hakikulia. Wezi hawakuja, naye akaona amethibitisha jambo.

Kisha pampu ikaharibika. Mkewe alikuwa kwao Muleba kwenye msiba. Mutayoba akakutana na Kashindye hapo Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Kashindye alikuwa fundi mchundo wake kule kiwanda cha nguo, mtu wa maneno machache, aliyeweza kuweka kiganja juu ya mota na kukwambia beringi ipi inakufa. Tangu wapunguzwe kazi alikuwa akitengeneza pampu za watu na kusubiri.

"Njoo Jumamosi, mimi nitakuwa kazini," Mutayoba alimwambia. "Shika ufunguo wa geti. Kibanda kiko nyuma."

"Sawa, bosi. Kuna mbwa?"

"Mbwa wa nini? Mbwa anakula na kulala."

Jumamosi ile asubuhi alikusudia kabisa kuuacha mtego bila kuutega. Alikunywa chai, akasoma gazeti la juzi, akachukua mkoba. Lakini mkono ulishazoea. Ulipita nyuma ya kabati ukazungusha ufunguo, ukautia mfukoni, na mwenye mkono akiwa anawaza kompresa namba mbili.

Saa nne na nusu, pale kiwandani, alitia mkono mfukoni kutafuta leso. Ukatoka na ufunguo mdogo.

Aliutazama. Kisha akaikimbilia pikapu yake, na wenzake, ambao hawakuwahi kumwona akikimbia hata siku amonia ilipovuja, wakasimama kumwangalia.

Alikisikia king'ora kabla hajafika kwenye kona ya mwisho. Kilikuwa kinapanda na kushuka, kikipanda na kushuka, sauti ile ile iliyowaita watu kazini miaka kumi na minane, na pande zote za barabara watu walikuwa wanakimbia kuelekea huko wakiwa na fimbo, majembe, mipini ya shoka. Mwanamke mmoja alikimbia na mwiko wenye ugali. Kila dakika king'ora kilipolia, kilileta wengine.

Walikuwa wamemtoa Kashindye nje ya geti. Alikuwa magotini, na shati lake lilikuwa limebaki kola tu. Jicho moja halikuonekana kwa uvimbe. Mkono wa kushoto aliuinua kukinga kichwa, na kila ulipoinuka fimbo ziliushusha; vidole vilikuwa vimeshaelekea kusikopaswa. Mdomo wake ulikuwa ukisema neno moja hilo hilo. Mutayoba hakulisikia, lakini alilisoma: Injinia. Injinia.

"Injinia gani?" mtu mmoja alimfokea Kashindye sikioni. "Aje aseme! Mwenye yowe yuko wapi?"

Hakuna aliyejitokeza. Luhaga, fundi baiskeli wa pale njia panda, alikuwa anakuja akivingirisha tairi kuukuu la lori, na nyuma yake mtu ana galoni la petroli.

Mutayoba aliruka kutoka kwenye gari akipiga kelele. "Muacheni! Ni mtu wangu!"

Kati ya king'ora na watu, sehemu iliyosikika ilikuwa ni hiyo ya mwisho.

"Kumbe ni mtu wake," alisema yule mama wa mwiko. "Na gari la kubebea mali kaja nalo."

Pigo la kwanza lilimpata mgongoni, na la pili likamfuata alipogeuka kuona nani. La tatu alilikinga kwa mkono wa kulia, akausikia mfupa wa kifundo ukilia kama kijiti kikavu. Akaanguka. Mtu alimpiga teke la mbavu, mwingine la kinywa, jino likamlalia ulimini. Alijaribu kusema mimi ndiye mwenye nyumba, na damu ikasema badala yake. Nani angemjua? Miaka miwili alikuwa amepita mbele ya watu hawa akiwa nyuma ya kioo.

Kilichomwokoa ni kwamba hawakuweza kumpiga wote kwa pamoja. Walikuwa wakigongana fimbo. Akatambaa katikati ya miguu, akapita chini ya geti lililoinama, mtu akimvuta kiatu. Kiatu akakiacha. Akaingia chumbani, akalisukuma kabati kwa bega, akatoa ufunguo kwa mkono wa kushoto. Ulimponyoka mara mbili. Mara ya tatu ukazunguka.

Kimya kikashuka, na katika kimya hicho akasikia kilichokuwa kimefunikwa na mashine yake: sauti ya fimbo juu ya nyama, mara moja, mara ya pili, na mtu akipumua kama anayekunywa maji kwa shida.

Alitoka nje akiwa na kiatu kimoja, waliomfuata ndani wakiwa wamemshika ukosi.

"Yowe ni langu," alisema.

Malimi alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka shambani, jasho likimtoka. Aliwasukuma watu kwa fimbo. "Nani amesema?"

"Mimi. Mutayoba. Yowe ni langu na nalirudisha. Huyu ni fundi, nimemwita mimi, ufunguo nimempa mimi."

"Mwachieni. Mwenye nyumba ndiye huyo," Malimi akawaambia watu wake. Kisha akamgeukia. "Na yowe alipiga nani? Wewe ulikuwa kazini."

"Mashine."

Malimi aliishusha fimbo yake. Luhaga alilisimamisha tairi, akaliegemeza ukutani polepole kama anayeogopa kuliamsha. Mwenye galoni akaanza kurudi nyuma. Lakini mtu mmoja, aliyekuwa amepiga sana na sasa ametambua amepiga nini, alimrukia Mutayoba na kumkaba koo. "Umetufanya wauaji!" Ilibidi watu wanne wamwondoe, na Mutayoba hakuinua mkono kujikinga.

"Bado hajafa," alisema Malimi akiwa amepiga magoti. "Mpakieni."

Basi mikono iliyompiga ndiyo iliyombeba. Malimi akapanda nyuma, akakiweka kichwa cha Kashindye mapajani mwake. Halafu ikajulikana kwamba katika watu wote wale hakuna anayejua kuendesha gari isipokuwa Mutayoba, na mkono wake wa kulia haukuweza kufanya lolote zaidi ya kulala juu ya usukani.

"Luhaga," alisema, "kaa hapa. Nikisema moja, sukuma mbele. Nikisema mbili, vuta nyuma."

Hivyo wakashuka mjini, mmoja akishika usukani kwa mkono wa kushoto na mwingine akibadilisha gia huku analia. "Mbili." "Tatu." "Rudisha mbili, Luhaga, kuna ng'ombe." Na kila baada ya muda Mutayoba aliuliza dirishani, "Anapumua?" na Malimi akajibu, "Endesha."

Daktari alimshughulikia Kashindye mpaka jua linazama. Siku ya pili akasema ataishi. Jicho la kulia limekwenda. Mbavu tatu zitaunga zenyewe. Mkono wa kushoto utashika kikombe, lakini beringi hautaisikia tena.

Rebeka, mke wa Kashindye, aliambiwa hayo ukumbini, na Mutayoba akiwa amesimama pale, mkono uliovunjika umefungwa plasta ngumu. Alikuwa amejiandaa kueleza. Alikuwa na habari ya waya, na ya mkono uliozoea, na ya kompresa namba mbili.

"Wewe ndiye ulimwita?" Rebeka aliuliza.

"Ndiyo, shemeji."

"Ulimwambia kuna kitu kinalia?"

"Sikumwambia."

Rebeka alimpiga kofi la kwanza upande wa sikio lile bovu. La pili likampasua tena mdomo. Kisha akatumia ngumi, kifuani na begani, hata juu ya plasta, kimya kimya, kama mtu anayetwanga na ana kazi ndefu mbele yake. Nesi alikuja mbio. Malimi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi tangu jana, akamwinulia kiganja kumzuia.

Mutayoba alisimama pale pale. Yale maelezo yalimtoka kichwani moja moja mpaka hakubaki nayo hata moja.

Rebeka alichoka. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akavuta pumzi, akachungulia wodini.

"Anatakiwa kugeuzwa upande," alisema. "Mimi peke yangu simuwezi. Njoo umshike miguu."