Maji ya Birika la Shaba

Miaka ishirini na mbili Bi Bimkubwa wa Tibirinzi alipima maji ya visima vya Pemba kwa matone yake ya dawa na macho yake, na hakuna aliyemkosoa. Mara akaja Mwanakhamis, binti wa juzi tu, na digrii yake na kichupa cha unga. Unga huo ukikutana na shaba majini, halafu ukamulikwa kwa taa ya zambarau, hung'aa rangi ya chungwa. Ukipakwa kwenye kitambaa, huinasa shaba yenyewe, na kitambaa kikisuuzwa kwa asidi, shaba huachia. Watu walimiminika maabara kutazama. Hata Mzee Soud, mkuu wao, ambaye Bimkubwa hajapata kumsikia akisema ahsante, alipiga makofi.

Wivu ukamkaba Bimkubwa. Tusimfichie: alimwonea kijicho mtoto wa watu hadi hata wanja wa binti huyo ukamkera.

Siku moja wakaenda Vitongoji kuchukua maji ya kisima. Bi Kijakazi, mwenye kisima, aliona aibu wageni kupewa maji ya ndoo. Tangu alfajiri alikuwa ameyatia kwenye birika la shaba la harusi yake, alilolisugua kwa ndimu hadi likametameta. Mwanakhamis alipokuwa ndani akisalimiana na wanawake, bibi akaijaza chupa ya binti ya kupimia kutoka birikani. Binti akatoka, akaikuta imejaa, akashukuru, akaifunga.

Bimkubwa aliona kila kitu. Akanyamaza kimya.

Maabara maji yakawaka rangi ya chungwa, na kisima kikafungwa kwa hofu ya sumu. Bimkubwa hakuwa na haraka. Alitaka siri ile aitoe mbele ya watu, na mbele ya Mzee Soud hasa. Siku ya tisa ukaitishwa mkutano Vitongoji, Mwanakhamis akaanza kueleza, na Bimkubwa akasimama.

"Kisima hakina neno! Maji yale yalitoka kwenye birika la shaba. Nilimwona Bi Kijakazi akiyamimina, kwa macho yangu haya."

Mwanakhamis akainamisha kichwa. Raha aliyoisikia Bimkubwa ilikuwa tamu kuliko halua, akageuka kumtazama Mzee Soud apige makofi.

Aliyesema ni Bi Kijakazi. "Siku kenda, Bimkubwa, nateka maji kulee bondeni na goti langu hili bovu. Nawe siku zote hizo wajua?"



"Kosa langu, bibi," akasema Mwanakhamis. "Sikuuliza maji yametoka wapi. Nisamehe."

"Nishakusamehe, mwanangu. Njoo tukateke mengine."

Wanawake wote wakainuka, wakafuatana nao kisimani, na Mzee Soud nyuma yao. Bimkubwa akabaki peke yake kati ya mikeka mitupu. Na hata hapo, kilichomchoma zaidi ni lile neno mwanangu.