Bi Mkubwa Anapomsikiliza Bi Mdogo

Saa mbili asubuhi. Boneti iko wazi na fundi ameinama, mkono mmoja una bisibisi, mwingine umelala juu ya injini kama anapima homa ya mtoto. Gari lenyewe ni dogo na la zamani. Ukisimama ubavuni, paa lake linakufika kifuani. Mkewe yuko kwenye mlango wa jikoni, anamenya vitunguu.

"Anasemaje?" fundi anauliza, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Bado. Anachemka juujuu tu!"

Fundi anazungusha skrubu ya kabureta kidogo. "Na hapo?"

"Hapo ametulia. Basi, usiongeze, atafurika!"

Mama huyu hajui kabureta inafanya kazi gani, wala hana haja ya kujua. Injini kwake ni sufuria, na mpaka sasa hajakosea.

Mtaa mzima humwita Bi Mkubwa, ingawa mumewe hana mke mwingine. Miaka kumi na tisa iliyopita mume alirudi nyumbani akivuta gari bovu lililokuwa limetelekezwa bandani. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha nyuma, na sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ardhi inaonekana.

"Nikawaambia majirani, mwenzenu nimeletewa mke mwenza," anasema. "Jina likashika. Gari likawa Bi Mdogo, mimi Bi Mkubwa. Na bi mdogo ndiye anayenunuliwa vitu, si unajua!"

Kulifufua kulichukua miaka mitatu. Fundi alikata mabati, akayagonga, akayachomea na kuyapiga msasa kila jioni. Viti alishona Bi Mkubwa mwenyewe. "Sikumpenda," anasema, "lakini sikutaka watu waseme nyumba yangu ina mtu mchafu."

Mabati hayohayo yalidai malipo. Fundi hakuwahi kuziba masikio, na kelele za nyundo zilianza kuua sikio la kulia. La kushoto sasa linafuata.

"Zamani nilijua plagi mbovu gari likiwa bado kwenye kona," anasema. "Siku hizi honi ikilia nyuma yangu, najua kwa kuona watu wanaruka mtaro."

Mwaka jana aliendesha Bi Mdogo kwenda sokoni. Njia nzima watu walimpungia mikono, naye, kwa kuwa gari hilo huvutia macho, akawapungia kwa madaha kama mgeni rasmi. Kumbe bomba la moshi lilikuwa limekatika, linaburuzika barabarani na kutoa cheche, nao walikuwa wanamwambia asimame.

Aliporudi alilifunika gari turubai. Habari zilienea kwamba fundi hasikii. Wateja waliokuwa wakileta magari manne kwa wiki wakapungua, akawa akipata moja anashukuru.

Kisha akaja mnunuzi. Alitaka kulitoa injini na kuliweka mbele ya hoteli yake, lipandwe maua. Fundi alikuwa ameshakubali kwa kichwa. Aliyekataa ni Bi Mkubwa.

"Nilidhani ningefurahi," anasema. "Mke mwenza kafunikwa, mume kakaa sebuleni. Lakini mume mwenyewe alikuwa hayupo, anatazama ukuta tu. Nikamwambia yule bwana, huyu akitoka hapa atatoka kwa miguu yake."

Asubuhi iliyofuata aliling'oa turubai. "Washa," akamwambia mumewe. "Nitakusikilizia." Fundi hafichi: alilia, akasingizia petroli.

Wateja wameanza kurudi, mmoja mmoja. Wakifika, huambiwa wasubiri Bi Mkubwa aepue chungu.

Lakini daktari amesema sikio la kushoto halina muda mrefu, na fundi ameapa hatashika tena usukani barabarani. Kwa hiyo Bi Mkubwa, mwenye miaka hamsini na minane, anajifunza udereva. Mtihani wake ni mwezi ujao. Akifaulu, safari ya kwanza ni kwa dada yake, ng'ambo ya vilima. Mume amekuwa akiahidi kumpeleka huko tangu gari lilipopona, na kila mwaka alikuwa na nati moja ya kukaza kwanza.

Alasiri wako kwenye uwanja mtupu nyuma ya gereji. Bi Mkubwa amekamata usukani kwa mikono miwili, kidevu mbele. Fundi yuko kiti cha abiria, kiganja juu ya dashibodi. Gia inakwaruza, anaihisi mkononi, anafumba macho, anameza maneno. Ya pili inaingia vizuri. Hapo anashindwa kujizuia.

"Anasemaje?"

Bi Mkubwa anatega sikio, haondoi macho mbele.

"Anasema mzee anyamaze, wake zake wanazungumza."

Ilibidi arudie mara mbili, kwa kupiga kelele, ndipo fundi akacheka.