Boiler ya nyumbani Tottenham: siku niliyoitengeneza mwenyewe na siku niliyokataa kuigusa

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo. Ninayoandika yametokea nyumbani kwangu wiki mbili zilizopita, sijatia chumvi.

Nina miaka arobaini na moja, nafanya kazi ya care, kutunza wazee. Ufundi sijasomea popote. Mume wangu yuko kikazi Scotland, kwa hiyo tulikuwa mimi na mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Iringa.

(Mnaosema mtu wa Iringa hasikii baridi, njooni mumuulize mama.)

Jumamosi asubuhi tukaamka radiator zote, yale mabati ya ukutani yanayopasha nyumba joto, ni za baridi. Boiler, mtambo wa gesi unaochemsha maji ya radiator, inatoa sauti kama mtu anayesukutua, halafu inazima na kuonyesha namba kwenye kioo. Kila fundi niliyempigia akasema mpaka Jumatatu, London nzima imeganda.

Nikatoa manual kwenye droo. Namba ile maana yake bomba la kutolea maji machafu ya boiler limeziba.

Nikatoka nyuma ya nyumba, nikaliona. Bomba jembamba la plastiki linalotokea ukutani, limejaa barafu.

Manual ilisema maji ya vuguvugu, yasiwe ya kuchemka, plastiki isije ikapasuka. Nikamwagia jagi baada ya jagi. Jagi la tano nikasikia maji yanashuka. Nikarudi ndani, nikabonyeza reset.

Ikawaka.

Wakuu, siku ile nilitembea sebuleni kama injinia! Mama akapiga kigelegele kifupi, akasema marehemu baba angesikia angewaandikia ukoo mzima.

Jumanne mama akaanza kulalamika kichwa kinamgonga. Nikajua ni baridi, nikampa chai.

Kwenye saa saba mchana alarm ya carbon monoxide, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, ikaanza kulia jikoni.

Nilizima boiler, nikafungua madirisha, nikamvisha mama koti, tukaenda kwa jirani. Nikapiga namba ya dharura ya gesi. Wakasema mtu yuko njiani.

Wakati tunasubiri, shemeji akapiga. Ni mdogo wake mume wangu, anafanya kazi za ujenzi Croydon, upande wa pili wa London, na ndiye tunayemtegemea kwa kila kinachoharibika. Nikamweleza.

"Shem, hiyo alarm itakuwa imezeeka," akasema. "Rudi ufungue kifuniko cha mbele, nakuelekeza kwa video. Si Jumamosi uliitengeneza mwenyewe?"

Nisiwadanganye, nilishawishika. Zile sifa za Jumamosi zilikuwa bado ziko kichwani, na nilitamani kuzipata tena.

Nikamwangalia mama. Ameshika paji la uso, macho kafumba.

"Shem, Jumamosi nilimwagia maji bomba la nje," nikamwambia. "Hii ni gesi. Siigusi."

Akakata simu.

Fundi wa dharura alipofika na kupima, akakuta bomba la kutolea moshi limeachia kwenye kiungo. Moshi ulikuwa unarudi jikoni. Akafunga gesi, akabandika karatasi nyekundu ya kukataza kuiwasha, akasema mama apelekwe hospitali akapimwe damu. Akaniuliza nani aliyezima boiler. Nikasema mimi. Akasema wengi huanza kwa kuitoa alarm betri.

Hospitali walimwekea mama oksijeni. Nikamwandikia shemeji alichokuta fundi. Jioni ile wakaturuhusu.

Tulipofika nyumbani tukamkuta shemeji mlangoni na heater mbili za umeme, katoka nazo Croydon kwa treni. Hakunizunguka.

"Shem, nilikosea. Ningewaua."

Nilichojifunza: kinachofanyika kwa jagi na kitufe cha reset, na manual imeruhusu, fanya mwenyewe na ujisifu. Kikihusu gesi, moshi au kufungua kifuniko, zima, toka nje, ita mwenye leseni. Na kichwa kikiuma ndani ya nyumba yenye boiler, usikimbilie kusema ni baridi kama mimi.

Boiler imeshatengenezwa. Mama bado yuko nami, na kila akiongea na Iringa anaanzia pale niliposema siigusi. Huwa nazuga naosha vyombo ili nimsikilize mpaka mwisho.

Karibuni wakuu, hasa mliowahi kubishana na fundi wa familia. Na kabla hujacomment, nenda kabonyeze alarm yako uone kama inalia.