Siku Tatu Kifuani

Mimi nina mdomo, sikatai. Katika wodi ya watoto njiti kina mama wananijua kwa huo. Kila Jumanne na Alhamisi natoka Chang'ombe ya hapa Dodoma na chupa yangu ya uji, najitolea kuwafundisha kumfunga mtoto kifuani kwa kitenge, ngozi kwa ngozi, na anayemlaza mwanawe kitandani ili achezee simu namsema mbele za wenzake. Wakicheka najua siku imekwenda vizuri.

Ila nilikuwa na sharti langu moja: mtoto wa mtu simbebi. Nafunga kitenge, naweka kofia, naondoa mikono. Wenyewe walidhani ni adabu.

Mwaka juzi akaletwa binti mjamzito kutoka Busi, kule Kondoa, presha imempanda, akapasuliwa. Mtoto wa kike, kilo moja na kidogo. Mama akalazwa wodi nyingine, hawezi hata kuketi. Mume akarudi Kondoa siku hiyohiyo kumfuata mama yake aje kusaidia. Hapa Dodoma hawakuwa na ndugu hata mmoja.

Muuguzi wa zamu, mtu mzima anayenifahamu tangu enzi zangu, akaniangalia. Nikamwambia asinitazame hivyo, mimi si ndugu yao.

"Huyu anapoa," akasema. "Kifua si unacho?"

Nilikasirika kweli. Nilifungua vifungo vya blauzi huku nanung'unika, akamweka, akanifunga kwa kitenge changu mwenyewe. Alikuwa wa baridi, na mwepesi mno.

Wangu alikuwa wa kiume. Miaka saba ilikuwa imepita, wodi ileile. Alikaa siku nne. Kwetu mtoto wa umri huo hawekewi matanga: wanawake watatu walimzika asubuhi, wakanawa mikono, kila mmoja akashika njia ya kwake. Hakuna aliyenipa pole. Nadhani waliogopa kuniliza. Mume wangu naye akapata kazi mbali, akaenda moja kwa moja. Nikabaki napika ugali wa mtu mmoja, na hadi leo nakosea kipimo, unabaki.

Siku tatu nilikaa nimeegemea mito, yule mtoto kifuani. Maziwa ya mama yake yalikamuliwa kule alikolazwa, yakaletwa kwenye kikombe, yakapitishwa kwenye mpira wa puani. Mimi nikawa nahesabu pumzi zake. Zikikawia, namsugua mgongo kwa kidole na kumgombeza kwa sauti ya chini: we binti, usinifanyie hivyo, mimi nimeshafanyiwa. Siku ya tatu akapata joto, akaanza kunyonya ngozi yangu. Muuguzi akasema sasa huyu anataka kuishi.

Kesho yake bibi yake akafika, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua maneno. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda kuoga, tukamfunga mjukuu wake kifuani. Nilipobaki mtupu nilihisi baridi, na jua lilikuwa linawaka nje. Nikajifunga vifungo haraka niondoke zangu.

Bibi akaniuliza nina watoto wangapi. Wote huniuliza, na jibu langu huwa ni sina, halafu natia utani.

"Mmoja," nikasema. "Alikaa siku nne."

Akataka kujua ni akina nani waliokaa nami msibani. Nikamwambia hakuna, hapakuwa na msiba.

Alichukua kanga yake, akaitandika sakafuni, akashuka taratibu, mkono mmoja mgongoni kwa mtoto. Akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake penye kifo, akapigapiga nafasi ya pembeni yake kwa kiganja.

"Pole na msiba, mwanangu," akasema. "Kaa."

Mimi na mdomo wangu wote, nikavua viatu. Nikakaa, nikamlilia mwanangu mbele ya mtu kwa mara ya kwanza.