Mbogo Wote wa Gaspari Walikuwa Watoto

Gaspari wa Rugu alikuwa mfuata nyayo wa kampuni moja ya uwindaji, na kwa misimu miwili mfululizo hakuona mbogo mzee hata mmoja. Wageni waliokuja na bunduki zao walitaka dume aliyekwisha kuzeeka, mwenye pembe nene, na kazi ya Gaspari ilikuwa kumtambua. Basi kila walipomkuta mbogo, Gaspari alimtazama, akakuna kidevu, akasema, "Bado mtoto."

Mbogo mwenye kovu kuanzia begani mpaka mkiani: bado mtoto. Mbogo anayechechemea, manyoya yamemwisha usoni: mtoto, ila maisha yamempiga.

Sababu alikuwa nayo, na aliyeijua ni mkewe tu. Mwaka 1986 Gaspari alikosea. Alimwonyesha mgeni mbogo kichakani akidhani ni dume. Bunduki ilipolia, kumbe ni jike, na ndama wake akatokea nyuma ya kichaka. Ndama yule alilifuata gari lililobeba mzoga wa mama yake mpaka akachoka, akasimama katikati ya njia. Gaspari alikuwa amekaa nyuma ya gari. Walitazamana muda mrefu.

Laurensia, mkewe, alimwonea huruma kwa wiki nzima. Kisha huruma ikaanza kupungua, maana kwa kawaida mgeni alichukua kichwa na ngozi tu, nyama ililetwa kijijini. Sasa wanawake wa Rugu walisimama barabarani na vikapu vyao, gari likawapita tupu.

"Baba Joviana," Laurensia alimwambia, "wenzangu wanauliza hao watoto watakua lini."

"Mbogo hukua polepole."

"Wanakua kwa maharage yangu! Jana wamelala shambani kabisa."

Agosti 1988 akaja Bwana Raina, Mwaustria mnene, mpole, mwenye kofia ya unyoya. Mwindaji mkuu wa kampuni alikuwa kitandani na malaria, kwa hiyo mgeni aliongozwa na Gaspari pamoja na Anastazi, askari wa wanyamapori aliyeacha seminari, ambaye ndiye aliyejua Kiingereza. Kwa siku kumi na moja waliona mbogo tisa. Wote watoto.

Siku ya kumi na mbili walipumzika chini ya mti, bunduki wameziegemeza kwenye shina, wakila ndizi za kuchemsha zilizopoa. Mbogo akatoka kwenye nyasi bila hodi. Aliyefika juu ya mti kwanza ni Bwana Raina, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, wala yeye mwenyewe. Mbogo akaunusa mti, akala ndizi zote, akajilaza juu ya bunduki.

Saa moja ikapita. Gaspari akamgeukia Anastazi.

"Muulize, akifika kwao na kichwa, anakifanyia nini."

Anastazi akauliza. "Anakitundika ukutani."

"Kikiwa ukutani kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu. Kinamkumbusha siku yenyewe."

Gaspari aliitazama suruali ya Bwana Raina, iliyochanika kuanzia kiunoni mpaka gotini. "Siku kama hii anataka kuikumbuka?"

Hilo Anastazi alikataa kulitafsiri.

Mgeni naye akasema jambo kwa sauti ya upole. Anastazi akashtuka, nusura aachie tawi. "Anauliza kwa nini unasema mtoto, mtoto. Anasema amewinda miaka thelathini, na amejua unamdanganya tangu siku ya pili."

"Mbona amenyamaza?"

"Alidhani ndiyo adabu ya huku."

Gaspari aliona aibu hata akatamani kushuka kwa mbogo. Kisha akasimulia habari za ndama, na safari hii Anastazi alitafsiri kila neno. Bwana Raina akavua kofia. Akasema kwamba ujanani, huko kwao, aliwahi kumpiga swala jike mwenye mimba, na mpaka leo haongelei habari hiyo mbele ya mkewe.

Saa tisa mbogo aliinuka, akajinyoosha, akaondoka. Walishuka. Alikuwa hatua thelathini tu, amewapa ubavu. Bwana Raina aliokota bunduki, lakini hakuiinua. Alimtazama Gaspari na kusubiri.

Gaspari alijua kwamba akitamka lile neno lake, mzungu ataiweka bunduki chini. Alitazama vizuri. Masikio yalikuwa matambara, pembe zimelika ncha, mbavu zinahesabika, na hakukuwa na mwenzake popote. Akawaza maharage ya Laurensia na vikapu vya barabarani.

"Ni dume," akasema. "Ni mzee."

Bunduki ililia mara moja tu.

Rugu walipiga vigelegele. Nyama iligawiwa Alhamisi, ikawekwa motoni. Ijumaa Mkatoliki hali nyama, basi iliendelea kuchemka. Jumamosi ilikuwa ngumu vilevile. Jumapili baada ya misa Mzee Rwezaura aliuma pande moja na kuacha humo jino lake la mwisho la mbele. Jirani yao Costansia akasema yake ataipeleka kwa fundi viatu.

"Misimu miwili tumengoja," Laurensia alilalamika akikoroga chungu, "na hukuona hata kijana kidogo?"

Gaspari alizidi kutafuna. Alikuwa na kipande mdomoni tangu asubuhi. Alipokimeza hatimaye, aliomba kingine, akashangaa mwenyewe kwamba anakitaka.

Alifanya kazi hiyo mpaka 1993, akisema umri kama alivyouona. Ila jike mwenye ndama akiwa karibu, alishikwa na kikohozi kikubwa hadi kundi zima likatimua mbio. Kampuni ikampeleka hospitali akapigwe picha ya kifua. Daktari alisema mapafu hayo ni safi, hajapata kuona mfano wake, na Anastazi, aliyemsindikiza, akakubali kwa kichwa bila kutabasamu.