Kibao cha Nyumbani kwa Mzee

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno "baba". Nililiandika kwa rangi nyeupe kwenye kibao, nikakipigilia pale njia ya kupanda kijijini inapoanzia: NYUMBANI KWA BABA YAKE MZEE.

Mzee ni kiongozi mkubwa wa taifa, sasa marehemu, aliyekulia huku juu Uluguru. Nyumba yao ya udongo imetunzwa, na mimi ndiye ninayeongoza wageni. Sikusomea kazi hii. Nilijifundisha kwa simu, kwa magazeti ya zamani na kwa hofu ya kukosea. Kibao kile nilikifuta na kukiandika upya tena na tena kwa sababu herufi M ilikuwa imelala. Herufi! Neno lenyewe sikulitazama. Mimi ni mtoto wa mjini, Mwembesongo, wazazi wangu ni watu wa kuja. Kwetu nyumba ni ya baba, hakuna mjadala.

Asubuhi moja nilifika na wageni kutoka Dar, wamelowa jasho, nikakuta mlango una kufuli. Bibi anayeitunza nyumba, mtoto wa dada yake Mzee, alikuwa kibarazani anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wapeleke wageni wako kwa baba yake, basi."

"Si ndiyo hapa?"

"Hapa ni kwa mama yake. Baba alikuja kuoa, kaja na jembe na mkeka. Kwa sisi Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Hujui? Utani wa Waluguru na maboga unaujua!"

Wageni wakacheka. Nilitamani kulia kwa hasira. Nikamwambia ni kibao tu, nitakirekebisha, afungue.

"Kibao tu? Jana wamekuja ndugu wa baba yake kutoka Mlali, wana picha ya kibao chako kwenye simu. Wanasema hata serikali imeandika, shamba hili ni lao. Serikali ndiyo wewe?"

 Wageni walipiga picha ya kufuli, wakashuka wakinung'unika.

Nilikwenda kung'oa kibao. Misumari niliyoipigilia kwa umakini wangu wa kijinga ikagoma, ikanichubua mikono. Nikaandika upya palepale kibarazani, bibi akisimamia: NYUMBANI KWA MAMA YAKE MZEE. M zote zikalala. Nikashika kitambaa nifute.

"Wee! Acha, inasomeka."

Ndugu wa Mlali walirudi, wakakisoma, wakapiga picha nyingine kwa shingo upande, wakaondoka. Hawajarudi tena. Wageni, lakini, hawajifunzi. Wanapita mbele ya kibao, wanafika mlangoni, wanauliza: "Kwa hiyo hapa ndiyo kwa baba yake?" Kichwa kinaniuma.

Siku hizi siandiki chochote kuhusu nyumba ile kabla ya kumsomea bibi, na ufunguo wa pili wa mlango amenipa mimi.